Vitambaa Nilivyovifungua Kibakwe

Wiki ya tatu sasa mnaniuliza mikono yangu ilipatwa na nini. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine mmenitania mbele ya wageni pale mapokezi, eti Mama Rahma ameanza kufuga paka shume. Nimewajibu kwa kucheka nikabadilisha mada. Leo nimekaa nawaandikia, maana ninyi ndio mlionituma, na mtu aliyetumwa hurudisha majibu hata kama yanamwaibisha.

Mmeuliza pia mbona kwenye grupu letu nilituma picha moja tu. Ile niliyosimama kwenye kilima, natabasamu, mkononi nina kiroba kimejaa, nikaandika chini yake: "Usafi kwanza." Mkanimiminia vidole gumba mpaka simu ikawa inalia yenyewe. Picha ile naomba kila mmoja aifute. Mkifika mwisho wa maelezo haya mtajua kwa nini.

Chilewa, dereva wetu, hajaniuliza kitu. Yeye alishajua siku hiyohiyo, kwa sababu kilima ni cha kwao na mama anayekilinda ni mama yake mzazi. Kila asubuhi ananisalimia vilevile kama zamani, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Kutoka Ipagala na msitu kwenye maboksi

Mambo ya ruhusa na barua nayaruka, mnayajua. Niliondoka Ipagala Jumamosi alfajiri na maboksi manne ya miche: matatu ya miashoki, moja la mikrismasi. Mlinipa jukumu la kuchagua nami nikachagua kwa macho ya mtu wa masijala. Mwashoki unasimama wima, hautawanyi matawi, na ukipandwa kwa mstari unapendeza hadi barabarani. Nilijisemea kwamba msitu nitakaoacha kule hautakuwa na vurugu.

Kondakta alitaka maboksi yaende chini kwenye buti pamoja na mizigo. Nilimkatalia, tukabishana, mwisho mawili yakaenda chini na mawili nikakaa nayo, moja mapajani, jingine kwenye miguu ya jirani yangu wa siti. Jirani huyo alikuwa mnunuzi wa vitunguu, akaniambia anaitwa Hamisi na kwamba Kibakwe anaenda karibu kila wiki. Alivumilia mpaka tulipopita Mbande ndipo akauliza:

"Dada, unajenga?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Naona miashoki. Hii mtu hupanda akimaliza kupiga plasta."

Nikamwambia kwa fahari kwamba napeleka msitu. Kwamba sisi wafanyakazi tumejichangisha kumsaidia mama mmoja kule juu milimani, anayelinda kilima. Hamisi aliutazama mche mmoja, akaushika jani, akaliachia.

"Haya. Msitu wa kusimama foleni," akasema, kisha akalala mpaka Mpwapwa.

Niliudhika. Mnunuzi wa vitunguu anajua nini? Ndivyo nilivyowaza, na naandika ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani asubuhi ile.

Mafuriko chini ya jua

Mpwapwa nilikunywa supu na chapati mbili, halafu nikapanda Fuso linalokwenda kuchukua vitunguu, maana basi dogo la Kibakwe lilikuwa limeharibika. Hamisi alinitafutia nafasi mbele, nikaanza kumsamehe.

Mbele ya Gulwe tukasimama. Kulikuwa na korongo, na korongo lilikuwa limejaa. Jua linawaka, mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la kufutia jasho, lakini maji mekundu yanapita kwa kishindo yakivingirisha mawe na magogo. Magari yalikuwa yamejipanga pande zote mbili. Tulikaa pale kuanzia saa nne mpaka saa kumi jioni.

Nikauliza mvua imenyesha wapi. Hamisi akanyoosha kidole kuelekea milima.

"Kule juu, alfajiri. Nikiwa mdogo, mvua ikinyesha kule, huku tulikuwa hatujui. Mlima ulikuwa unayanywa, unakaa nayo, halafu unatupa kidogokidogo mpaka mwezi wa tisa. Tulikuwa tunanywesha ng'ombe hapahapa kiangazi. Sasa wameuvua nguo. Ukinyeshewa, unatapika yote siku moja. Kesho ukija hapa ni mchanga mtupu, unachimba futi tatu ndipo upate ya kunawa."

Akaniambia nitazame rangi ya maji. Nikatazama. Akasema wekundu ule si wa maji, ni shamba la mtu. Mwenye shamba amelala na udongo wake, ameamka umeshapita Gulwe. Mti ukiwepo, majani yanapunguza nguvu ya tone, takataka za majani chini zinalifyonza, mizizi inalionyesha njia ya kwenda ndani. Mti usipokuwepo tone linapiga ardhi kama nyundo. Hakuwa anahubiri. Alikuwa anamenya yai la kuchemsha na kusema yale yanayomchelewesha kila wiki.

"Ndiyo maana napeleka miche," nikasema.

"Ya mapambo."

"Mti ni mti, kaka Hamisi."

Akanipa nusu ya yai. Maji yalipopungua, dereva akavua viatu akaingia kupima kwa fimbo, kisha tukavuka abiria wote tukishikilia pumzi na mimi nikishikilia boksi.

Kibakwe: harusi ya watu

Tulifika Kibakwe giza linaingia. Nyumba ya wageni ilikuwa safi, mhudumu mkarimu, akaniuliza hiyo miche ni ya nini. Nilikuwa nimechoka, nikamjibu, "Ni ya shughuli ya kesho." Nikala wali maharage nikalala.

Asubuhi ya Jumapili nilifungua mlango nikakuta akina mama wawili wamevaa vitenge vya sare, wamekwisha kubeba boksi la mikrismasi, wanashukuru. Wanasema bibi harusi amefurahi sana, hakutegemea kuletewa mapambo kutoka Dodoma. Mhudumu alikuwa amewapelekea habari usiku uleule. Kanisa lilikuwa linajaa. Ningewaambia nini? Niliacha mikrismasi iende harusini, na mpaka leo sijui kama ilipandwa au ilitupwa pamoja na makaratasi ya keki. Tukacheka sana mimi na yule mhudumu. Ndiyo mara ya mwisho niliyocheka safari ile bila kuumia moyoni.

Pikipiki mbili zilinipandisha juu, moja yangu, moja ya maboksi. Njia inazunguka miinamo ya mahindi na maharage, halafu hewa inapoa ghafla unatamani sweta. Kilele cha mlima wa mbele bado kina msitu wa kweli, mweusi, wenye ukungu juu yake saa tano mchana. Chini ya hapo milima yote imekatwa kwa mkaa na mashamba, ina makovu mekundu ya maji. Katikati ya uwazi huo kuna kilima kimoja cha kijani chenye vichaka vingi. Dereva wa pikipiki akasema, "Kile ndicho cha Mama Nyemo."

Niseme kweli, moyo ulinishuka. Nilitegemea miti. Niliona magugu.

Kwa mama yake Chilewa

Mama Nyemo ni mwembamba, mwenye haraka, anatembea kama amechelewa mahali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanisalimia kwao, "Mbukwenyi," akaningojea nijaribu kuitikia, akacheka nilivyokosea. Aliipokea miashoki kwa mikono miwili, akaipeleka kivulini, akainyweshea maji. Hakuuliza kwa nini nimeleta miti ya kupambia nyumba.

Tukala ugali wa uwele na mlenda wenye karanga. Akanieleza kwamba miaka miwili iliyopita serikali ya kijiji ilimkubalia yeye na kikundi cha akina mama kumi kukifunga kilima kile: asiingie mbuzi, asilime mtu, asichome mkaa mtu. Chini yake kuna chemchemi iliyokuwa imekauka, nayo imeanza kulowesha mchanga tena. Lakini wenye mbuzi hawakupenda. Mkutano wa mwisho ukaamua kwamba kilima kitakaguliwa, kuanzia sehemu ya chini inayopakana na njia. Kikionekana kina miti iliyopita urefu wa mbuzi kufikia, kinaendelea kufungwa. Kisipoonekana, kinafunguliwa.

"Ukaguzi ni lini, mama?"

"Kesho. Mwenyekiti wa kijiji anakuja mwenyewe na wazee wenye mifugo. Mungu amekuleta siku nzuri. Kesho asubuhi nitakuonyesha kazi yangu yote. Leo nina kikao cha jumuiya, wewe pumzika."

"Naweza kutembea kidogo?"

"Tembea, mwanangu. Kilima ni chako."

Sasa, jamani, ninyi mnajua neno ukaguzi linafanya nini kwenye mwili wa mtu wa ofisini. Mkaguzi akitajwa sisi tunafanya nini? Tunapanga mafaili, tunafuta vumbi, tunaficha ndoo, tunang'oa matangazo ya zamani ukutani. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikisikia neno lile na kushika kitambaa. Sikufikiri. Mwili ulikwenda wenyewe.

Nilipofika sehemu ya chini, karibu na njia, nikakuta vichaka vimejaa matambara. Vipande vya kanga, vya shati, vya mfuko wa shule, vya neti ya mbu, vimefungwa kwenye vijiti, kimoja hapa, viwili pale, rangi zote. Nikawaza: upepo. Halafu nikaona mafundo, nikawaza: waganga. Nikasema bismillahi. Nikawaza mwenyekiti anakuja kesho na wazee wasiokitakia mema kilima hiki, cha kwanza atakachoona ni uchafu huu. Maskini mama wa watu, atashindwa kwa sababu ya matambara.

Nikakunja mikono ya gauni. Nilifungua fundo moja moja, kwa subira, bila kuvunja hata kijiti, na kwa hilo pia nilijisifu. Mwanamke mmoja akapita na ndoo ya maji kichwani, mgongoni ana mtoto. Akasimama kunitazama.

"Pole na kazi," akasema.

"Asante. Nasafisha kidogo."

Alitabasamu, akasema kitu kwa Kigogo ambacho sikukielewa, akaenda zake. Baadaye nilijua anaitwa Foibe, ni jirani wa Mama Nyemo na mmoja wa wale kumi. Mimi nikamaliza sehemu yote ya chini, kiroba kikajaa, nikajipiga ile picha, nikapanda penye mtandao nikaituma kwenu.

Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Mama Nyemo aliporudi sikumwambia. Nikasukuma kiroba chini ya kitanda nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi ya kuni

Niliamshwa na sauti za mapanga na vicheko. Jua lilikuwa halijapanda. Nilitoka nje nikaona akina mama wako kwenye kilima, sehemu ileile ya chini, wanakata. Wanakata haraka, wanafunga mizigo ya kuni, wanaimba. Foibe alikuwa mbele.

Nikadhani wanatengeneza nafasi ya miashoki yetu. Niliwasogelea nikawapigia makofi. Ndiyo, niliwapigia makofi. Nikawaambia, "Hongereni, hapo sasa panaonekana!"

Mama Nyemo alitoka nyumba ya jikoni na kikombe cha chai mkononi. Alitembea hatua chache kwa ile haraka yake, kisha akasimama. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kisiki cha kwanza akainama, akagusa, akaenda cha pili, akagusa, cha tatu. Halafu akakaa chini palepale, na chai ikamwagika kwenye kanga yake naye hakuifuta.

"Foibe," akasema. "Vitambaa viko wapi?"

Foibe akatazama huku na huku. Akina mama wengine wakashusha mapanga yao. Wakaanza kuzungumza Kigogo, wote kwa pamoja, halafu mmoja akanigeukia akanieleza kwa Kiswahili ili mgeni asikae gizani.

Kilima kile hakijapandwa mti hata mmoja. Walioukata msitu wa zamani walikata juu tu. Chini, visiki viko hai, na mizizi yake ni ya miti iliyokuwepo kabla ya babu za babu zao, inafika kwenye maji ambayo mche wa boksi hautayafikia kwa miaka. Ukifukuza mbuzi, kisiki kinachipua, lakini kinachipua vijiti kumi, kumi na tano, vinagombania, vinabaki kichaka. Kwa hiyo unachagua kimoja au viwili vyenye nguvu, unavifunga kitambaa. Miaka miwili Mama Nyemo alikuwa anapita kisiki kwa kisiki akichagua. Vyenye kitambaa vilikuwa vimeshampita yeye kwa urefu. Kabla ya ukaguzi, kikundi kingekuja kupunguza vilivyobaki ili miti ionekane. Sheria yao ni moja na hata mtoto anaijua: chenye kitambaa usiguse, kisicho na kitambaa ni kuni.

Foibe hakukosea. Alikuta sehemu ya chini haina kitambaa, akaona Mama ameamua huku kuwe kuni tupu, akafuata sheria.

Nilisikia yote hayo nimesimama kwenye majani mabichi yaliyokatwa. Niliangalia mashina yaliyofungwa kwenye mizigo, nikayatambua. Lile la kanga ya njano. Lile la neti. Jana yake nilikuwa nimeyashika kwa mkono huu ninaoandikia.

Na sikusema kitu. Nilijiambia nitasema wakipoa. Halafu nikajiambia nitasema mwenyekiti akishaondoka, nitamwita Mama pembeni. Mtu mzima, mke wa mtu, mama wa watoto watatu, nilirudi chumbani nikakaa juu ya kitanda ambacho chini yake kulikuwa na kiroba.

Chakula cha Foibe

Mwenyekiti angekuja saa nane. Saa saba wakaniita kula. Mama Nyemo alikuwa amejifungia ndani, kwa hiyo aliyepika ni Foibe. Aliniletea maji ya kunawa, akapiga goti, akanawisha mikono yangu. Nikala. Mlenda ulipopungua akaniongezea bila kuuliza. Sijui kama mmewahi kula chakula cha mtu mnayemwona anabeba kosa lenu. Kila tonge nililisikia likishuka.

Mwenyekiti alikuja na wazee wanne. Walitembea sehemu ya chini, wakapapasa visiki kwa fimbo, mmoja wa wenye mbuzi akasema kwa sauti ya upole, "Sasa hapa pamefungiwa nini?" Mwenyekiti akauliza nani amekata. Akina mama wakatazama chini. Mama Nyemo alifumbua mdomo lakini kabla hajasema, Foibe akasogea mbele na mtoto wake mgongoni.

"Ni mimi," akasema. "Sikuangalia vizuri."

Wakashauriana kidogo. Mwenyekiti akasema basi, Foibe atatoka kwenye kikundi, na sehemu ya chini ifunguliwe kwa mifugo kuanzia wiki ile, maana haina cha kulindwa. Kila mtu pale alijua mbuzi wakishaingia chini hawatauliza mpaka wa juu uko wapi. Mama Nyemo aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea habari za msiba.

Ndipo nikaondoka. Nilikwenda chumbani nusu nakimbia, nikavuta kiroba, nikarudi nacho, nikakimwaga mbele ya mwenyekiti. Vitambaa vikatawanyika vikiwa na alama za mafundo.

"Ni mimi niliyevifungua," nikasema. "Jana. Nilidhani ni takataka. Nilisikia mnakuja kukagua, nikataka pawe safi. Foibe hana kosa, kosa lake ni kuamini hakuna mtu atakayegusa kitambaa. Asubuhi nilijua na nikanyamaza. Nimekula chakula chake nikiwa nimenyamaza."

Mzee mmoja alianza kucheka, akajizuia. Mama Nyemo akainama akaanza kuokota vitambaa, kimoja kimoja, akivikunja.

Mwenyekiti akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia masijala, natunza mafaili.

"Sasa mama, ukikuta faili limefungwa utepe, unaufungua unautupa?"

"Hapana, mwenyekiti. Nauliza kwanza aliyefunga."

"Ahaa," akasema. Angeniita mjinga ningepata nafuu.

Walikaa tena pembeni. Waliporudi, Foibe alibaki kwenye kikundi. Kuhusu kilima, mwenyekiti alisema amenielewa, ila mbuzi hawaelewi maelezo, na vichipukizi vipya vitakuwa vifupi, vitamu, chini ya midomo yao. Sehemu ya chini ikizungushiwa uzio wa miiba kabla ya Alhamisi, itaongezewa msimu mmoja wa mvua. Isipozungushiwa, inafunguliwa.

Siku mbili za miiba

Ndiyo hii mikono. Jumanne na Jumatano tulikata matawi ya miiba mbali kidogo, tukayaburuta mpaka kilimani, tukayapanga. Nilikuwa mzembe kuliko wote. Mara nyingi Foibe alinionyesha tena jinsi ya kushika shina bila kuchomwa, na mara nyingi nikachomwa.

Mchana wa Jumatano jua lilikuwa kali, Mama Nyemo akaniambia nipande naye sehemu ya juu kupumzika. Kule vitambaa vilikuwa bado vipo na miti ilikuwa imesimama, myembamba, juu ya vichwa vyetu. Aliniambia niingize mkono chini ya majani makavu. Palikuwa baridi, pamelowa, na wadudu wakanipanda kidole. Kulikuwa na nyuki. Maharage ya majirani, akasema, yanazaa vizuri tangu nyuki warudi. Halafu akaniteremsha kwenye ile sehemu niliyoisafisha, akaniambia niingize mkono. Udongo ulikuwa wa moto kama jivu la jikoni.

"Hapa palikuwa kama kule," akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananifundisha, kama alivyoahidi Jumapili.

Jioni ile, tukimaliza tawi la mwisho, nilimwuliza Foibe kwa Kiswahili cha polepole. Uliniona na kiroba. Ulijua tangu asubuhi ile Mama alipouliza vitambaa. Kwa nini hukusema?

Alifikiri jinsi ya kunijibu katika lugha isiyo yake.

"Wewe mgeni," akasema. "Mgeni hasemwi na mtu. Anasema mwenyewe." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Nilikuwa nakungoja."

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Lile korongo la Gulwe lilikuwa mchanga mkavu, na wanawake wawili walikuwa wamechimba shimo wanachota maji kwa kikombe, kama Hamisi alivyosema. Tulilipita kwa dakika moja. Miashoki Mama Nyemo aliipanda kwa mstari ulionyooka kutoka mlangoni mpaka chooni, akasema inapendeza na atakuwa ananikumbuka kila akienda. Nilistahili.

Sasa ninyi mnapanga mchango wa awamu nyingine ya miche. Naomba msinunue. Mkitaka kusaidia, kila mmoja alete nguo moja kuukuu, yenye rangi inayoonekana kwa mbali. Nimeanza na gauni langu la kijani, lile nililovaa kwenye picha. Nimelichana vipande jana jioni, sikuona uchungu wowote.

Juzi Chilewa alikuja masijala, akanipa simu yake. Alikuwa mama yake. Nilimwamkia. Akasema uzio umesimama, mvua imenyesha mara tatu, visiki vya chini vimechipua vyote isipokuwa viwili. Kile cha kwanza, karibu na njia, kina vijiti kumi na moja.

"Mmeshafunga, mama?"

"Sijafunga. Nimewaambia wasiguse. Utakuja kufunga wewe."

Nikamwambia mimi sijui kuchagua, nitaharibu tena, amwachie Foibe.

"Foibe ndiye aliyesema tukungoje," akasema.

Nilimrudishia Chilewa simu yake. Alipofika mlangoni akaniuliza nitaondoka siku gani, ili anitafutie nafasi ya mbele kwenye Fuso. Nikamwambia Ijumaa.